Kibanda cha Pili cha Stesheni ya Manga

Jumapili, 14 Septemba. Mvua ya mawe saa tisa, kisha jua kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nina hasira. Naandika hivyo mwanzoni ili baadaye nisijifanye kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Leo wamebomoa kibanda changu.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiandika ovyo nitatukana. Sisi ni watu watano tunaochora njia ya reli kutoka Kisii mjini hadi Nyamira, kwa ajili ya gemu ya kuendesha treni kwenye kompyuta. Reli yenyewe haipo huku kwetu. Ndiyo sababu tunaichora. Kila mmoja ana stesheni yake, na mimi nilipewa Manga kwa kuwa nimeolewa huku. Nimeifanyia kazi tangu Aprili. Nilibeba tepu ya fundi nikapima benchi za sokoni, kimo cha ngazi, na upana wa mlango ambao mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anapita bila kujigeuza.

Stesheni yangu ina jukwaa moja la abiria. Juu yake nilijenga vibanda viwili vya kusubiria treni, kimoja kila mwisho, kila kimoja kikitazama upande wake.

Najua kila stesheni ina kiwango chake cha vitu, ukizidisha kompyuta za wachezaji zinakwama. Ili vibanda viwili vienee, nilitoa saa ya ukutani, nikatoa taa tatu, na tangi la maji nikalipunguza pembe mpaka likafanana na sanduku. Sikuzidisha hata kitu kimoja. Orodha ninayo.

Mchana tulikutana wote watano kwa simu ya video kukagua kazi, kwa sababu kesho gemu inatolewa. Denis, kijana wa Nairobi anayetuongoza, akafungua Manga kila mtu akiona.

"Mama Moraa, hiki cha pili ni cha nini? Ama ulikikopi mara mbili kwa makosa?"

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hilo linaniuma hadi sasa.

"Ni cha kusubiria," nikasema.

"Si wasubirie kwa kile kingine? Manga kwenyewe abiria ni wangapi, na mbuzi tukihesabu?"

Akakifuta nikitazama. Mahali pake akapanda maua.

Maua.

Sababu ninayo, na kwa kuwa kwenye blogu hii hakuna anayejua jina langu halisi, niiandike. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, ile heshima ya watu wasiopaswa kukaribiana, kama mke na baba mkwe wake. Hamkai benchi moja. Hampeani mkono. Mnasalimiana kwa mbali, kila mtu anashika njia yake. Silalamiki, nimelelewa hivyo.

Mwaka ambao nilikuwa na mimba ya Moraa, nilishuka pale njia panda nikitoka kliniki, na mawe yakaanza kunyesha. Palikuwa na kibanda kimoja cha mabati na benchi moja ndani. Baba mkwe alikuwa ameketi hapo peke yake na gunia lake la mbolea. Akaniona nakuja mbio na tumbo lile. Kabla sijageuka kurudi, aliinuka, akatoka, akaenda kusimama kando ya ua wa miti akinipa mgongo. Alisimama hapo mpaka mvua ikaisha. Mimi nilikaa kwenye benchi la watu sita, mimi na gunia, nikisikiza mawe yakigonga bati na kujua kwamba yeye yanamgonga kichwani. Alikohoa mwezi mzima.

Hatujawahi kulitaja jambo hilo. Ningeanzia wapi?

Nilipopewa Manga, vibanda viwili ndivyo nilivyochora kwanza, hata kabla ya reli.

Sasa kosa langu. Kwenye karatasi ya maelezo, kila kitu cha stesheni kina nafasi ya kuandika sababu. Ngazi niliiandikia mistari miwili. Pipa la taka nililiandikia mstari mzima. Kibanda cha pili nilikiachia nafasi tupu. Sikuweza kumtaja mkwe wangu mbele ya wanaume wanne. Chinsoni ilinijengesha kibanda, kisha chinsoni hiyo hiyo ikanifunga mdomo siku ya kukitetea.

Na si kwamba hakuna aliyejua. Mwalimu Onchiri wa Suneka, mkubwa wetu kwa umri, alinitumia ujumbe pembeni mara tu mkutano ulipokwisha: "Pole mwanangu. Nilielewa tangu siku ya kwanza. Lakini ningelisemaje mbele ya vijana?"

Nimeandika majibu matatu nikayafuta yote. Denis hajui, nitamlaumu kiasi gani? Mwalimu alijua, naye alikuwa kwenye simu akacheka pamoja nao.

Kama mimi.

Nilimlalamikia Baba Moraa nikimenya ndizi za jioni. Akasema, "Yaani unagombana na watu kwa sababu ya treni isiyo na reli?" Akaenda kukamua ng'ombe. Sababu sikumwambia yeye pia. Mzee yule ni baba yake.

Saa kumi na moja nilichukua simu nikawaandikia wote, sentensi tisa. Kibanda, mvua, mzee, yote. Nikaomba kibanda changu kirudishwe.

Denis alijibu haraka. "Nimeelewa dada, na pole kwa mzee. Lakini abiria wa kompyuta hawana wakwe. Tuache tu hivyo, kesho tunatoa."

Niliona kwamba Mwalimu amesoma. Nilimngoja. Hakuandika neno.

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mtu anaweza kuondoa kazi yake wakati wowote kabla ya siku ya kutoa. Sikuwahi kufikiri atakayetumia kanuni hiyo ni mimi. Niliingia, nikachagua Manga yote, jukwaa, ngazi, tangi la pembe chache, pamoja na maua ya Denis, nikaiondoa.

Dakika kumi hazikupita Denis akapiga simu. Hakuwa na kicheko.

"Mama Moraa, unajua hakuna muda wa kuchora nyingine? Treni itapita Manga bila kusimama."

"Najua."

"Kazi ya miezi mitano?"

"Ipite," nikamwambia, nikakata simu.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Hasira bado ipo, na sehemu kubwa yake ni yangu mwenyewe, kwa kukaa kimya tangu Aprili halafu kusema siku ambayo kusema hakusaidii.

Baba Moraa amewaambia wenzake wote kwamba kesho wataona Manga kwenye gemu. Wataitafuta na hawataiona, naye atakuja kuniuliza.

Je, nitaweza kumwambia ni kwa nini?