Sifongo Iliyooshwa

Alhamisi

Wiki tano zimepotea kwa kosa la dakika tano. Muda wote huo nimekuwa nikitupia chakula tangi la karantini lisilo na samaki, ili bakteria wanaoondoa sumu ya kinyesi wakue kwenye sifongo ya chujio. Leo jirani yangu Mama Biira, mke wa sajenti, alikuja kunisaidia usafi.

"Mzee, ile sifongo ilikuwa na utelezi mbaya! Nimeosha na dawa ya kufulia. Sasa hata afande akikagua, hapati kitu."

Nikamshukuru. Mimi ninayeeleza kila kitu, sikuwa nimemweleza kwamba utelezi ule ndio niliokuwa nikiufuga.

Samaki wapya wangefika kesho. Nimempigia simu muuzaji wao wa mjini Bwera akae nao kwanza. Akacheka: "Mzee, samaki ni samaki, tia tu kwa tangi kubwa!"

Mwaka jana nilitia tu. Ugonjwa waliokuja nao wale wapya ukaua samaki aliowaacha marehemu mke wangu, akabaki mmoja tu.

Nimeanza upya. Huyo mmoja ataendelea kukaa peke yake kwenye tangi kubwa. Amezeeka, na sijui kama atawahi kuwaona wenzake.