Mtoto Hayumo Kwenye Picha

Jumatatu, 4 Juni 1984
Ukungu hadi saa nne. Sabuni imekwisha tena. Nimepiga deki sebule ya wageni hapa hotelini kwa maji matupu, nikafuta ile picha kubwa ya ukutani. Wanawake wanne juu ya mazulia, hawana kazi. Mmoja amejilaza kwenye mito. Mmoja anavuta kiko cha mrija mrefu. Wa tatu ameshika sinia. Wa nne ametugeuzia mgongo. Nawaonea wivu. Nani anakaa hivyo mchana kweupe? Kwetu ni mzazi tu, na wanawake waliokuja kumtunza. Basi ndiyo hiyo: aliyelala amejifungua. Mwenye kiko ni shangazi. Kwenye sinia mna uji.

Mtoto sijamwona.

Jumatano, 6 Juni
Nimemtafuta tena. Kwenye mito, nyuma ya pazia. Hayumo.

Mdogo wangu Paskalina, kule Mbulumbulu, anakaribia kujifungua. Mama ameshakwenda. Mimi sikuambiwa kitu, na sababu naijua. Mwanangu alifariki mwaka jana, bado ananyonya. Kwetu Wairaqw mama wa namna hiyo ana metimani: hashikwi mkono, haingii kwenye nyumba ya mtoto mchanga mpaka aitwe. Kanisani tunakwenda sote, lakini hili hakuna padri aliyelifuta. Nataka kuitwa.

Alhamisi, 7 Juni
Dereva wa watalii, kijana wa Arusha mwenye mdomo, amenikuta mbele ya picha. Nikamweleza ninavyoiona. Kacheka mpaka kaweka chai chini.

"Mzazi gani, dada? Hao wote wake wa mtu mmoja, huko Uarabuni. Mzungu kachora tu, na ndani hajaingia."

Nimenuna kutwa. Kama hakuingia, amejuaje kwamba hakuna mtoto?

Jumapili, 10 Juni
Paskalina amejifungua Ijumaa. Wa kike. Nimeambiwa na jirani, nje ya kanisa, kama habari ya mvua. Nimetabasamu. Nimerudi nyumbani, nimepika, sikula.

Jumanne, 12 Juni
Nimevunja kikombe cha wageni. Picha sijaifuta. Wakae na vumbi lao.

Alhamisi, 14 Juni
Mama amekuja kwa miguu mpaka mlango wa jikoni hapa kazini. Nilidhani kuna msiba. Kumbe Paskalina amegoma, hali uji mpaka niende. Amewaambia wote nyumbani anamtaka dada yake, metimani au si metimani. Nilisimama mbali, nilivyozoea. Mama akaja akanishika mkono.

"Twende, mwanangu. Unaitwa."

Mama aliyenisalimia kwa mbali mwaka mzima. Nimelia juu ya sinki. Bosi kanipa ruhusa, nadhani ili ninyamaze.

Jumamosi, 16 Juni
Mbulumbulu. Baridi. Paskalina amelala, uji ameumaliza. Shangazi anavuta kiko chake. Mama anazunguka na sinia. Mimi nimewekwa kwenye ngozi karibu na mlango, mgongo nimeuelekeza nje, nikinge upepo.

Mchana jirani alichungulia. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza mbona mtoto hamwoni.

Sikugeuka. Nilikuwa nimempakata.