Kwa Joakimu, Kuhusu Foleni ya Fataki

Mume wangu Joakimu,

Kila ulipokwenda kununua risasi uliniacha garini. "Mwalimu, kaa usome kitabu chako," ulisema, nami nilikaa nikasoma, kwa kuwa duka la bunduki sikulipenda. Nilipenda kilichofuata: meza yetu ya gereji, wewe ukisafisha maganda ya shaba tuliyoyaokota uwanjani, mimi nikipima baruti kwenye mizani. Hukuniruhusu nizungumze wakati wa kupima. Darasani hakuna aliyewahi kuninyamazisha, wewe uliweza.

Uliponifundisha kulenga shabaha nilikuwa nimekwisha kustaafu. Ulicheka ukasema ninashika bunduki kama chaki. Nilikukasirikia, kisha nikajifunza kuishika.

Ulipofariki, Bwana Graham, nahodha wa timu yenu ya shabaha, alinipa nafasi yako kwa muda. Nilijua kwamba wenzake waliniona mjane wa kuhurumiwa. Kisha ikaja korona. Uwanja ulifungwa, na ulipofunguliwa tena, risasi zilikuwa zimeadimika Sydney nzima. Maganda nilikuwa nayo, baruti na vichwa vya risasi pia. Kilichokosekana ni fataki, kile kikombe kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuiwasha baruti. Kila duka nililoingia lilinijibu kwamba makontena yamekwama bandarini Port Botany.

Bwana Graham hakunificha. "Theresia, mashindano ni Jumamosi. Usipokuwa na risasi zako, nafasi nitampa mwingine, na itakuwa yake." Ni mtu wa haki. Ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo. Lakini sikulala vizuri.

Basi nikaenda Granville, kwenye duka la mwisho lililosalia. Ilikuwa ile Januari ambayo hata nyama ya kuku na vipimo vya korona havikupatikana madukani. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na goti langu unalijua. Nyuma yangu akaja mama mmoja Mrundi, bado amevaa sare yake ya kutunza wazee huko Westmead. Alinisikia nikinung'unika kwa Kiswahili.

"Shikamoo mama. Hapa banatoa vipimo?"

"Marahaba. Hapa hakuna vipimo. Wanauza fataki za risasi."

"Yesu wangu! Na mimi nimeshapanga foleni!" Akarudi nyuma hatua moja, akaniita ninyi kwa heshima ya kwao. "Risasi nilizikimbia nikiwa mgongoni kwa mama. Sasa ninyi, na umri huo, munamupiga nani?"

"Ninapiga karatasi."

"Karatasi imewakosea nini?"

Joakimu, nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nikuzike.

Alikuwa ameanza kuondoka aliponiona nimeegemea ukuta, nimeshika goti. Akarudi. "Mama, muende mukae pale kivulini. Nitawasimamia foleni."

"Wewe usimame foleni ya risasi?"

"Kambini nilisimama ya maji, ya mahindi, ya sabuni. Na hii nitaiweza. Karatasi haina mama wa kuililia."

Bwana mmoja wa nyuma alilalamika kwa Kiingereza. Esperansi, ndilo jina la yule mama, alimgeukia akamwambia kwamba mimi ni mama yake. Je, yeye mama yake humsimamisha juani? Zamu ilipofika Esperansi aliniita, nikaingia, nikaonyesha leseni, nikapewa pakiti moja, kiasi kilichoruhusiwa kwa kila mteja. Nilitoka nimeikumbatia kama mtoto mchanga, na kabla ya kuagana mimi na Esperansi tukapeana namba za simu.

Nilijaza risasi zangu peke yangu. Wakati wa kupima nilijinyamazisha mwenyewe.

Jumamosi nilipangwa wa mwisho, na timu yetu ilikuwa nyuma kwa alama, mbele yetu wale wale waliokuwa wakikutambia kila mwaka. Sitakueleza habari za upepo. Nilipumua kama ulivyonifundisha, na risasi yangu ya mwisho ikaingia katikati kabisa. Tuliwashinda, Joakimu! Tuliwashinda wote! Bwana Graham alivua kofia. Nilimpigia simu Esperansi, aliyekuwa amekataa katakata kukaribia mlio wowote wa bunduki. Alipiga vigelegele hapo hapo kazini, na wazee anaowatunza wakadhani korona imekwisha.

Ninakukumbuka sana. Gereji ni kimya, na mara nyingine mimi huzungumza nawe humo kwa sauti. Lakini siku ile sikuwa na huzuni hata kidogo, na sitakuomba radhi kwa hilo.

Baadaye Bwana Graham alisimama mbele ya ubao wa timu, ambao bado ulikuwa na jina lako. Aliniuliza, kwa upole, kama aliache kwa heshima yako. Nilimwambia alifute, aandike langu. Akanipa kalamu. Nililifuta mwenyewe, nikaandika Theresia kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa, usomeke mpaka mlangoni.

Pumzika vyema. Nafasi ile sasa ni yangu.

Mkeo,
Theresia