Kufika Bila Lori

Jumapili, mwezi wa nane. Upepo tangu asubuhi. Jua lipo, lakini baridi haisikii la mtu.

Nimerudi sasa hivi. Miguu inatetemeka, midomo imepasuka, na makalio sitaki hata kuyataja. Nimekaa kizingitini mwa chumba changu hapa Majengo niandike kabla mwanga haujaisha, maana mafuta ya taa yameadimika na yangu yamebaki ya kuonja.

Niliondoka jana alfajiri kwenda kwa Mzee Leonsi na Mama Yustina, kijijini kwao, mbele kidogo ya Matai. Kwa baiskeli ya kuazima. Mimi Shabani, niliyeipita barabara ile kwa lori mpaka nikalijua kila shimo lake! Lori lenyewe liko uani kwa tajiri wangu, limepandishwa juu ya mawe. Matairi hakuna nchi nzima. Tajiri ameniambia kwa upole kwamba nisimsubiri, na kwamba mwisho wa mwezi chumba hiki atakihitaji.

Redio nayo haichoki: asiye na kazi mjini aende kijijini akalime. Juzi mgambo walipita mtaa huu wakiuliza kila mtu anafanya kazi wapi. Nikajibu mimi ni dereva. Wakanitazama, wakaenda zao. Wakirudi, sidhani kama wataenda zao tena.

Basi nilikuwa natafuta kijiji cha kunipokea. Katika miaka yote ya kuzunguka mkoa huu, ni nyumba moja tu iliyowahi kuniita mwanetu. Nilikuwa nikiwapakilia magunia yao ya ulezi na mahindi. Nikifika kona ya mwisho napiga honi, na nikizima gari nakuta chungu kiko motoni. Mama Yustina aliniambia si mara moja, "Wewe ni mwanetu, ukikwama njoo." Sasa nimekwama. Nilikwenda kuwaombeni neno moja tu: mnipokee. Tazama, naandika kama vile wao ndio watakaosoma.

Na sikupita barabarani.

Niliona aibu.

Kuna njia ya zamani nyuma ya vilima, waliyokuwa wakiipita watu kabla hawajahamishiwa kwenye vijiji vya barabarani. Siku hizi haina mtu. Inapanda kwenye mawe, inashuka bondeni, inavuka mto, inapanda tena. Majani yamechomwa, ardhi ni nyeusi mpaka macho yanachoka, na pasipochomwa ni manjano makavu. Mto umebaki mchanga na madimbwi machache. Niliibeba baiskeli begani nikavuka bila kulowesha kiatu.

Sikatai, ni njia nzuri. Kwenye lori nilikuwa sisikii kitu ila injini. Jana nilisikia mnyororo, ndege, upepo kwenye majani, na pumzi zangu mwenyewe. Kwenye mteremko wa kwanza niliachia breki, nikateremka huku nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikafika chini, kicheko kikaisha, na hapakuwa na wa kumweleza nilichokuwa nikicheka.

Nilipumzika kwenye kivuli cha tanuru la udongo, mojawapo ya yale marefu ambayo wazee wa Kifipa waliyeyushia chuma. Limesimama peke yake kilimani, ndani yameota majani. Hatua chache mbele yake ni mahame. Kuta zimeanguka, mawe ya kusagia yameachwa palepale yalipokuwa, na jivu la mafiga limekwisha kupeperushwa. Nilikula kiporo changu hapo. Kisha nikajaribu kusema kwa sauti, "Mzee, nimekwama, mnipokee." Sauti ilinitia aibu hata mbele ya mawe. Nikapanda baiskeli haraka.

Nilitokea kijijini kwa nyuma, upande wa mashamba, jua likiwa limeshuka. Hakuna aliyenisikia. Mama Yustina alikuwa anapepeta ulezi uani. Aliinua uso akanitazama kama anayelitafuta jina langu.

"Shabani! Gari liko wapi?"

Nikamwambia limelala. Akachungulia nyuma yangu, kule njiani, kana kwamba huenda namtania. Watoto walikuja mbio, wakaiona baiskeli, wakarudi kwenye mchezo wao.

Walinipokea vizuri, sitaki kusema uongo. Nilipewa maji ya kuoga. Nililetewa kuku nichinje mwenyewe, maana nyumba ile ya Wakatoliki haijapata kusahau kwamba mimi ni Mwislamu. Lakini nilipewa kiti. Kile kiti kimoja cha mgongo walicho nacho waliniwekea ndani, na chakula changu kikaja peke yake kwenye sahani ya bati, huku vijana wao wakila jikoni na kucheka. Enzi za lori sikupewa kiti hata siku moja. Tulikuwa tunakaa chini, sinia moja, tunagombea paja.

Jana mapaja yote mawili yalikuwa yangu.

Nilipomaliza, Mzee Leonsi akavaa koti lake. "Twende kwa balozi," akasema. "Mgeni wa kulala lazima aonekane."

Nimelala katika nyumba ile mara nyingi, na sijawahi kupelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Nilimfuata. Balozi wao ni jirani tu, mtu mpole, alikuwa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama vumbi la miguuni.

"Ndugu, umetokea mlimani," akasema. "Siku hizi wanaopita kule ni watu wa magendo, wanaikwepa barabara na sabuni zao za kule mpakani Kasesya."

"Sina sabuni, ndugu balozi."

Akaupapasa mfuko wangu hata hivyo. Taulo, pampu, shati moja. Akaurudisha, kisha akamgeukia mwenyeji wangu.

"Mzee Leonsi, huyu ni nani wako?"

Safari yangu yote ilikuwa inangoja jibu hilo. Nilijiapiza kwamba akisema ni mwanetu, nitaomba palepale mbele ya balozi, yaishe. Mzee alikohoa. Alinitazama usoni, tena kwa huruma kabisa, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakipati.

"Huyu ni dereva," akasema.

"Dereva wa gari gani?"

Mzee akautazama mpini wa jembe. Balozi akaona haya kwa niaba yetu, akasema basi, nilale salama.

Nikalala bila kuomba kitu.

Leo asubuhi walikuwa wanajiandaa kwenda kwenye ibada. Mimi nilikuwa uani najaza upepo, nimekwisha kuaga moyoni, nataka tu kuondoka. Mama Yustina akatoka na kibuyu cha togwa. Hakunipa. Alisimama nacho.

"Umekasirika," akasema.

"Hapana, mama."

"Umekasirika wewe. Sasa ulitaka mzee aseme nini? Akiulizwa huyu mwana wa nani, kwao wapi, ajibu nini? Miaka yote unakula hapa. Unatuambia habari za Tunduma, habari za Mpanda, sijui giaboksi imefanya nini. Kwenu hujasema hata siku moja!"

Nikaacha kujaza upepo.

Alisema kweli. Nilikuwa nafika kwa kelele, nakula, nachekesha watoto, naondoka kabla hawajamaliza kuniuliza. Usiku mzima wa jana nilikuwa nalalamika kimoyomoyo kwamba walilipenda lori, si mimi. Lakini kumpenda mtu usiyemjua ni kazi ngumu, na mimi sikuwapa hata pa kuanzia.

Nikaiweka pampu chini, nikamwambia. Kwamba kwetu ni Ujiji. Kwamba baba alikuwa fundi cherehani, alifariki mimi mdogo. Kwamba mama aliitwa Tausi, alikuwa anauza mawese sokoni, na alipofariki mimi nilikuwa safarini, habari zikanikuta wamekwisha kumzika. Tangu hapo sijarudi, kwa sababu sikujua ningeingiaje pale uani bila yeye kuwapo. Haya sijamwambia mtu yeyote. Nilimwambia huku naitazama tairi. Na mwisho neno langu likatoka lenyewe, bila mazoezi, kwa sauti mbaya: "Mama, nimekwama. Mnipokee."

Hakulia, wala hakusema ndiyo. Aliweka kibuyu chini, akakunja magoti kidogo, akapiga makofi polepole, vile wanavyosalimia Wafipa. Alinisalimia upya, kama vile ndio kwanza nafika. Nami sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikapiga makofi pia, vibaya. Mzee Leonsi alikuwa mlangoni na koti lake la ibada. Alikuwa amesikia yote.

Kisha mama akarudia ukali wake. "Shamba sigawi mimi. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, utakuja uombe mwenyewe mbele ya watu. Na usipite tena huko milimani kama mwizi. Pita barabarani, mchana, watu wakuone unakuja."

Ndipo akanipa togwa.

Nimerudi kwa njia ileile ya nyuma. Sitajisingizia ushujaa. Nilivuka mto, nikalipita tanuru, nikapanda mawe yale huku nasukuma baiskeli, na saa zote hizo sikuona binadamu hata mmoja. Jana ukimya ule ulinifaa. Leo ulinichosha kuliko milima yenyewe.

Sasa nafikiria Jumamosi. Nitapita Matai mchana kweupe juu ya baiskeli, mbele ya akina mama wa vibandani na mafundi wote wanaonijua kwa honi, na watanisimamisha, na watauliza. Nikilifikiria hilo tu nasikia joto masikioni. Na mkutano unaweza kunikataa. Wana sababu. Mimi si Mfipa, sijashika jembe tangu shule, na balozi wao anajua niliingia kwa mlango wa nyuma. Mzee Leonsi hajasema atanisemea. Naogopa, na hapa Majengo hakuna wa kumwambia kwamba naogopa, ndiyo maana naandika.

Hata hivyo nitakwenda. Leo, Rukwa nzima, wako watu wawili wanaolijua jina la mama yangu.