Posa ya Dada Sesilia

Jumatatu, 4 Oktoba

Gari la moshi kutoka pwani limechelewa tena. Nimeshinda ofisi ya mizigo hadi jua kuzama, shati limeloa. Joto la mwezi huu halina huruma.

Bwana Yeremia wa Ipole ameleta nta yake kwa lori, ipande gari kwenda pwani. Huja kila mwezi. Mrina asali, Mmoraviani, kafiwa na mkewe zamani. Mtu mrefu, hana maneno. Nampenda. Mizigo yake haijawahi kunipa taabu. Ameniachia chupa ya asali kama kawaida yake. Amesema ni ya watoto.

Bomba jipya la mtaa wetu wa Ng'ambo limetoa maji asubuhi, adhuhuri likakauka. Wanawake wamegombana. Mama Shabani, jirani yetu, karushiana maneno na mke wa kinyozi hadi ndoo ikapasuka. Dada yangu Sesilia ndiye aliyewaamua. Yeye alikuwa amekwisha kujaza mapipa kabla mtaa haujaamka.

Alhamisi, 7 Oktoba

Homa. Sikwenda kazini. Nimelala nikaisikiliza nyumba. Sikujua kuwa mchana ina sauti nyingi hivi. Dada anatwanga, anafua, anafukuza mbuzi wa watu, anamsomesha Tereza hesabu huku akichambua mlenda. Anaimba Kinyamwezi akidhani nimelala.

Alikuja alipofariki mke wangu, mama Agnesi. Tereza alikuwa mchanga wa kubebwa. Dada alisema atakaa hadi matanga yaishe. Sasa Tereza yuko darasa la nne, na Agnesi ni msichana mkubwa. Hakuna aliyemwambia dada kwamba matanga yamekwisha.

Amenipa uji wa moto. Nimetoka jasho. Nafuu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Gari la sinema la serikali limekuja uwanja wa mpira. Mtaa mzima umehamia huko na mikeka. Picha ya kwanza ilikuwa ya kuogesha ng'ombe dawa. Sisi wa Ng'ambo hatuna ng'ombe, lakini tulipiga makofi. Ya pili, bwana mmoja mnene anatumbukia mtoni na baiskeli yake. Mama Shabani alicheka hadi akalia, akataka irudiwe. Ikarudiwa.

Mwanga wa picha ulipowamulika watu, nikamwona dada ukingoni mwa mkeka wetu. Kando yake Bwana Yeremia. Hawakugusana. Dada alikuwa akimenya karanga, akimwekea kiganjani.

Picha ya tatu sikuiona.

Jumapili, 17 Oktoba

Kumbe kila mtu anajua ila mimi. Baada ya misa nimemwuliza Mama Shabani, naye kanitolea yote bila kupumua. Dada ndiye huniletea chakula cha mchana stesheni. Akinikuta nina kazi, hungoja kwenye benchi. Bwana Yeremia akiwepo humpokea kapu, hukaa naye. Tangu Kwaresima. Mbele ya dirisha langu, mimi nikigonga mihuri.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 27 Oktoba

Mshenga amekuja. Bwana Yeremia si mjinga: kamtuma mzee wa Kikatoliki, fundi bati wa Kanyenye, ambaye siwezi kumfungia mlango. Mzee kazunguka sana kama ilivyo desturi. Mvua, mahindi, ajali ya mtu wa Isevya aliyeanguka paani. Mwisho kasema kuna mtu kaona ua katika nyumba hii.

Nimesema nitafikiri. Kisha sikufikiri, nikajibu hapo hapo. Nikasema sisi Wakatoliki, yeye Mmoraviani, haiwezekani. Nikasema tena, na hili linanichoma, kwamba dada amepita umri wa mambo hayo.

Dada alikuwa nyuma ya pazia na chai. Aliingia, akaweka sinia, akasema, "Karibuni chai." Fundi bati aliinywa macho chini.

Habari ya dini ni uongo. Naandika hapa, hapasomwi na mtu. Bwana Yeremia angekuwa Mkatoliki hodari, ningetafuta sababu nyingine. Naogopa jiko bila dada. Naogopa siku Agnesi atakapouliza mambo ya wasichana, nami nisijue la kujibu. Basi.

Jumatatu, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Kanisa limejaa hadi nje.

Dada hajaninunia. Afadhali angeninunia. Anapika, anapiga pasi shati langu, ananikaribisha mezani. Zaidi ya hapo, hana neno.

Mtaa umegawanyika. Kinyozi yuko upande wangu, anasema mwanamke mtu mzima mume wa nini. Mkewe kamnyima chakula cha mchana. Mama Shabani alikuwa akinipa vitumbua kila asubuhi, sasa anampa Tereza na kumwagiza avile vyote kabla hajafika nyumbani.

Jioni Agnesi kanifuata barazani. Kasema, "Baba, shangazi analia akipepeta mchele." Nikamwambia ni vumbi. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia mama yake.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Watoto wote wa Ng'ambo walikuwa nje, uchi, wakipiga kelele. Bati letu linavuja palepale.

Bwana Yeremia kaja stesheni kuuliza habari za nta yake. Nilidhani atanikwepa. Kavua kofia, kanisalimu kama siku zote. Kisha kasema atarudi Jumanne, aje nyumbani mwenyewe bila mshenga. Nikimkataa tena, hatanisumbua maisha.

Nikagonga mhuri. Sikujua naugonga wapi. Nimekuja kuona baadaye nimeugonga juu ya meza.

Dada amekwisha kujua. Hakuna aliyekiri kumwambia. Mtaa huu hauhitaji simu.

Jumanne, 9 Novemba

Nitaandika yote, hata kama jicho moja limefumba.

Lori la Ipole huingia mjini kabla ya adhuhuri. Leo halikuingia. Mchana mtu mmoja mwenye baiskeli kafika sokoni akitokea njia ya Sikonge, kasema lori limepinduka mtoni, daraja limekatika, watu wamekufa. Wangapi, akina nani, hajui. Hakukaa kuangalia.

Mama Shabani kaja dirishani kwangu anahema, ushungi umemtoka. Kasema, "Dada yako kashika njia kwa miguu. Sufuria kaiacha motoni. Wewe bado umeshika karatasi, Bwana Filipo?"

Nikaiweka chini, nikachukua baiskeli. Bwana mkubwa wa stesheni sikumwaga hata.

Nilimkuta nyumba za mwisho zikiwa nyuma yake, katika ile njia ya zamani ya misafara. Babu yetu aliipita na meno ya tembo begani, na baba alikuwa akituonyesha alipokuwa akitua mzigo. Dada alikuwa peku, matope hadi magotini. Hakugeuka. Nilimwambia apande. Akapanda keria. Hakunishika kiuno, alishika kiti. Penye mlima alishuka akasukuma, kisha akapanda tena. Mvua ikatunyeshea, ikaacha.

Lori lilikuwa limelala ubavu kando ya maji. Abiria walikuwa wamekaa mbali, juu ya ukingo, wengine wanavuja damu, wote hai. Namshukuru Mungu, wote. Lakini madebe ya asali yalikuwa yamepasuka juu ya mawe, na nyuki wa pori lote walikuwa wamefika. Hewa ilikuwa inanguruma. Watu walisema kuna mmoja amebanwa chini ya ubao wa lori, na kila anayekwenda anarudishwa na nyuki. Dereva alikuwa amejaribu, uso umemvimba hata haoni.

Dada aliuliza jambo moja tu, kama ni mrefu. Wakasema ni mrefu.

Alijifunika khanga akateremka. Si kwa kukimbia. Alikwenda kama anayekwenda kisimani. Nilimwita. Sijui niliita mara ngapi. Kisha nikaona kwamba nimesimama na baiskeli mkononi, na dada yangu anapotea ndani ya lile wingu. Nikaiangusha nikamfuata.

Bwana Yeremia alikuwa macho. Mkono mmoja umevunjika, mguu chini ya ubao, nyuki wanatembea usoni kwake, naye ametulia kama aliyelala. Dada alichuchumaa. Akamwambia, "Umechelewa."

Yeye akasema, "Nisamehe. Gari."

Kisha akaniona. Akaniambia nisipunge mikono, nisogee polepole. Nikasogea. Waliniuma shingoni, masikioni, juu ya jicho. Nikaingiza bega chini ya ubao, dada akashika upande wa pili, tukainua. Haukutoka. Tukainua tena. Nikasema, "Vuta mguu, shemeji."

Neno lilitoka lenyewe. Dada aliniangalia juu ya ubao, nyuki mmoja kwenye kope yake. Mguu ukatoka.

Jumatano, 10 Novemba

Yuko hospitali. Mkono umefungwa plasta, mguu ni michubuko. Lori la barabara la serikali ndilo lililotuleta mjini. Dada alikaa sakafuni, kichwa cha mgonjwa pajani. Mimi nilikaa kwenye gurudumu la akiba.

Huko njiani ndipo aliponiambia. Nayaandika kama alivyosema, nisije nikayabadilisha.

"Watoto wako nimewalea kwa kupenda, Filipo. Hukunilazimisha. Sasa na mimi nataka mtu wa kuniuliza kama nimekula."

Nilitaka kumwambia kwamba huwa namwuliza. Nikatafuta siku niliyomwuliza. Sikuipata. Kisha nikamwambia aende na Mungu, na mahari sitaki. Akasema mahari nitataka, asije akaonekana ameokotwa. Tukacheka. Kucheka kuliuma, midomo yetu ilikuwa imevimba.

Leo Mama Shabani kanitazama uso, kachekea ndani ya khanga, kisha kaniletea vitumbua sahani nzima.

Ijumaa, 12 Novemba

Kwa Padre, dada na mimi na Bwana Yeremia na mkono wake wa plasta. Padre kauliza maswali mengi. Ndoa inawezekana, ruhusa ya askofu itaombwa, ila itafungwa katika chumba cha mavazi ya ibada, bila misa. Tena iwe kabla ya Majilio. Bwana Yeremia amekubali. Wazee wake wa kanisa wamenung'unika, kasema atazungumza nao.

Padre akamtaka dada aahidi kwamba watoto watakaozaliwa watabatizwa Kikatoliki. Alisema kwa dhati kabisa, kalamu mkononi. Dada ana mvi nyingi kuliko mimi. Akainamisha kichwa akajibu, "Nitawabatiza wote, Padre." Bwana Yeremia alikohoa muda mrefu.

Jumamosi, 27 Novemba

Imekwisha. Chumba kile kinaingiza watu wachache, basi mtaa mzima ulisimama nje dirishani. Fundi bati alikuwa shahidi, amevaa koti la harusi yake mwenyewe, halifungiki. Mama Shabani na wenzake wamepika pilau uani kwetu tangu alfajiri. Kinyozi kaja na mkewe, wamepatana, amenyoa watu bure.

Wamoraviani walikuja na kwaya. Waliimba barazani kwa sauti nne, vizuri hata nikaona wivu. Wa kwetu wakajibu kwa Kilatini. Wakashindana hadi chakula kikapoa. Vijana wa mtaa wakaleta ngoma, na hapo dini zote zikacheza.

Dada alivaa nguo ya bluu aliyoshona Agnesi. Sikujua Agnesi anajua kushona vile. Sikujua mambo mengi.

Lori la Ipole limeondoka nao saa ya jua kali. Tereza alining'inia kwenye nguo ya shangazi yake, ikabidi nimbandue kidole kidole. Dada hakulia hadi lori lilipogeuka kona. Mimi nililia mbele ya watu wote. Sijali.

Jumapili, 28 Novemba

Majilio. Agnesi kapika ugali, umeungua. Tumekula. Tereza kaulizia chumvi, hakuna aliyejua ilipo. Tumeitafuta jikoni sote watatu.

Ijumaa, 17 Desemba

Timu ya stesheni imefungwa na vijana wa soko. Aibu. Bomba limetoa maji siku nzima. Agnesi ana jambo la kuuliza, namwona anazunguka. Nimempeleka kwa Mama Shabani, nikakaa nje na mumewe tukizungumza habari za mvua. Ametoka amechangamka. Ugali wa leo ni mzuri.

Jumapili, 2 Januari. Ipole

Nimepata likizo, nimekuja na watoto kwa lori. Daraja limejengwa upya. Shemeji alitupokea barabarani, plasta imetoka, mkono bado mwembamba kuliko mwenzake. Amemchukua Tereza mabegani.

Nyumba yao ni ya udongo, imepakwa chokaa. Nyuma kuna mihogo, mbele kuna tumbaku ya jirani hadi mwisho wa macho. Kanisa letu haliko karibu. Asubuhi shemeji kaenda kwenye ibada yake, dada na mimi tukasali rozari barazani. Tulipofika mwisho alikuwa amekwisha kurudi, kakaa pembeni, kofia magotini, akatungoja tumalize.

Baada ya chakula shemeji kaenda kuwaonyesha watoto mizinga. Mimi nilitoka kunawa. Niliporudi, dada alikuwa amelala kwenye kiti. Jua la mchana, mlango wazi, mikono imelala juu ya mapaja, viganja juu, mdomo wazi kidogo.

Tangu utoto wetu sijawahi kumwona dada amelala mchana.

Kuku mmoja alitaka kuingia ndani. Nimekaa kizingitini nikamzuia kwa mguu. Naandika hapa hapa, polepole, karatasi isipige kelele.