Kipande cha Nta Chini ya Meza

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kifua kimepona? Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua ila halimzuii kufoka. Sikia basi: tumepima! Mashine imerusha nyutroni za kasi siku nzima, kasi moja baada ya nyingine, zikapiga kile kipande cha dhahabu chembamba kama karatasi, nilichokifunga mwenyewe, na viini vya atomu vikazidaka kama mipira. Mkuu wa maabara kanipa mkono mbele ya watu wote! Namba za zilizodakwa hizi hapa, zilinganishe na hesabu yako uniambie.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mama mpe pole ya goti. Kifua kimepona, kichwa ndicho kinauma. Namba zenu ni karibu mara mbili ya hesabu yangu, kwa kila kasi. Nimeirudia mpaka macho yamevimba. Mwalimu anasema hesabu inayokataliwa na vipimo haina kazi. Anataka mwisho wa mwezi niifute, nianze utafiti upya. Angekuwa fundi mwingine ningesema mmepima vibaya. Lakini aliyefunga ni wewe, kwa hiyo nimekosea mimi.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Usifute kitu! Mkosaji ni mimi. Meza inayobeba ile dhahabu ilikuwa inacheza, nikachomeka kipande cha nta chini, nikakisahau. Nta, mwanangu! Sisi wenyewe tunaipanga pembeni ili ipunguze kasi ya nyutroni. Zinazotawanyika chini zikipita humo zinachoka, zinairudia dhahabu, na iliyochoka kiini kinaidaka kirahisi. Ndiyo maana namba zimepanda. Kibaya zaidi, nilikiona wakati nafungua, wenzangu wanashangilia. Nikakitia mfukoni, nikashangilia nao. Barua yako imeniumbua: umeniamini mimi kuliko akili yako. Leo nimemwambia mkuu. Kaniuliza: "Fundi, nyutroni ulizitandikia godoro?" Watu wakacheka, mimi jasho tu. Kesho tunapima upya, na chini naweka chuma. Nisamehe.

Baba yako

28 Machi

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza. Halafu namba mpya zikaja, nikaziweka kwenye grafu: zimelala juu ya mstari wangu, moja baada ya nyingine! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mwalimu kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Hesabu haifutwi! Ila kule mwisho, kwenye nyutroni za kasi kuliko zote, nukta moja imebaki chini kabisa. Baba, niambie ukweli: hiyo nayo umeifanyia nini?

Binti yako, bado nimenuna kidogo

4 Aprili

Mwanangu,

Za huko? Huku salama, goti limetulia. Nimeifungua meza mbele ya mkuu, tumekagua kila skrubu, tumeipima tena hiyo moja. Imerudi palepale. Sijaficha kitu, na sitakubembeleza: hapo hesabu yako ndiyo imekosea. Kiini kinafanya jambo ambalo wewe na mwalimu wako hamjaliwaza. Mkuu anarukaruka kama mtoto! Acha kuninunia, kalitafute jambo hilo.

Baba yako