Kipande cha Utumbo

Dar es Salaam

Mpendwa Dada Kunigunda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama hapo Mbaha, na tumbo limekuachia walau ule. Mimi natembea na kufanya kazi. Mengine utayasoma humu. Naandika kwa sababu nikikupigia simu unakuwa katikati ya watu, unajibu tu kwamba hujambo.

Shemeji Raimundi alinipigia juzi akilia. Alisema unaharisha damu tena, umekonda, na mama mkwe wako anashikilia kwamba ni mkono wa mtu, hivyo hospitali hutaki hata kuisikia.

Dada, Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikacheka tu. Ni hivi: daktari hupitisha mpira wenye kamera, ananyofoa kipande cha utumbo kidogo kama punje ya mchele. Sisi maabara tunazitenganisha seli zake, tunasoma ndani ya kila moja jeni zipi ziko kazini na zipi zimelala. Zamani kipande chote kilisagwa pamoja, kama kahawa iliyokwisha kusagwa: huwezi kujua buni ipi ilioza. Siku hizi tunawaona askari wa mwili mmojammoja. Wapo wanaopigana wakati adui hayupo, wakaunguza utumbo wao wenyewe. Hakuna jirani aliyewatuma.

Sasa neno ambalo hata mama hajalijua. Tangu Pasaka nami nilikuwa naona damu chooni. Nikanyamaza kama wewe, mimi ninayeusoma ugonjwa huu kila siku! Mwishowe nikapanda kitanda cha kipimo, kipande changu kikachukuliwa. Nina vidonda vya utumbo mpana. Ugonjwa wako siwezi kuuapia mpaka upimwe, lakini daktari aliponipa jibu nilikulilia wewe kabla ya kujililia. Alisema, "Hautaisha kabisa, ila dawa zitautuliza." Kweli damu imekoma, na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nakula.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nitafika Mbaha. Fungasha nguo zako, twende hospitali pamoja. Ukiuogopa mpira ule, nitakushika mkono mpaka utolewe. Shemeji ameridhia.

Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Mwambie siji kubishana naye. Namfuata dada yangu.

Mdogo wako na mgonjwa mwenzio,
Jacqueline